Watu wa Mirihi na Watu wa Gatongora

Mashine tuliyoiweka kwenye zahanati ya Gatongora, huko Ruiru, haikuwa nzuri kwa macho. Ilikuwa kompyuta kuukuu iliyotumiwa na ofisi moja ya Nairobi mpaka ikachokwa. Mwenzangu wa kazi aliifungua, akaipangusa vumbi, akabadilisha vilivyokufa, kisha akaiunga na betri ya lori ili stima ikipotea isizime. Programu niliiandika mimi. Ukiingiza jina la mgonjwa na mwaka aliozaliwa, inakuonyesha kundi lake la damu, maradhi aliyowahi kuugua na dawa alizopewa. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, inakuonyesha dawa zisizopatana na mwili wake. Haikuhitaji simu, haikuhitaji Nairobi, haikuhitaji mtu yeyote nje ya chumba kile.

Naanza na mashine kwa sababu wako watu walioniambia baadaye kwamba nilikuwa na hasira za bure, kwamba vifaa vya namna hiyo havikuwapo Kenya wakati ule. Vilikuwapo. Tulivitengeneza sisi, na vilifanya kazi mpaka vilipochomolewa.

Mimi na mwenzangu tulikuwa na ofisi Thika, ghorofani, juu ya duka la vitambaa la mama yake. Tulijuana chuo kikuu, yeye akisoma mambo ya umeme, mimi hesabu. Yeye alitoka kwenye ukoo wa Waislamu wafanyabiashara walioishi Thika kabla ya babu zangu kujua Thika iko wapi. Baba yangu, marehemu, alikuwa karani kwenye shamba la kahawa, na mama alibaki kwetu Ngoingwa na ng'ombe wake na migomba yake. Watu walitushangaa, yeye mwanamume na mimi mwanamke, hatujaoana, tumejifungia chumbani na mashine mchana kutwa. Mama yake ndiye aliyewanyamazisha. Alikuwa akiwaambia wateja wake, huku akipima kitambaa, "Hao huko juu wanafanya kazi ya kesho. Wewe nunua ya leo."

Zahanati ile ilikuwa ya kanisa, nayo iliongozwa na nesi mkuu mmoja wa makamo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Siku tulipomletea mashine aliitazama kwa dharau, akasema, "Hii ikinidanganya mara moja naigeuza meza ya kuwekea chai." Haikumdanganya. Baada ya muda alikuwa haruhusu mtu mwingine kuipangusa vumbi. Kadi za karatasi za wagonjwa tuliziacha kabatini, zikae tu, kwa usalama.

Kisha mfadhili kutoka ng'ambo akajitokeza kusaidia zahanati kadhaa za huku kwetu, na kwa niaba yake akaja mtaalamu. Sikutaka kumchukia. Alikuwa Mkenya kama mimi, amesoma ng'ambo, anavaa suti inayomkaa vizuri, anasalimia kila mtu kuanzia mlinzi wa getini. Alisimama katika kile chumba cha nyuma akaiangalia mashine yetu, na nikaona anaelewa alichokuwa akikiona. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Hakuwa mjinga.

"Kazi nzuri," alisema. "Lakini tunaleta sistimu moja. Rekodi zote za zahanati zote zitakaa kwenye kompyuta kubwa Nairobi. Hapa mtabaki na kioo, kibodi, na kifaa cha kuunganisha kwa simu. Mkitaka habari za mgonjwa, mnauliza Nairobi, Nairobi inajibu."

"Na laini ya simu ikifa?" nilimuuliza.

"Itafufuliwa."

"Hapa Ruiru mvua ikinyesha tu, simu inakufa. Muulize nesi."

Nesi mkuu akadakia, "Mwezi uliopita ilikufa na hapakuwa hata na mvua. Ilikufa kwa kupenda kwake."

Mtaalamu akacheka kwa adabu. "Mama, mwaka wa elfu mbili huo unakuja. Hatuwezi kupanga maendeleo kwa kuogopa mvua."

Mwenzangu alijaribu njia nyingine. Alisema iacheni basi hii yetu ibaki kando, ishike nakala, na simu ikiwapo zote mbili zipashane habari. Mtaalamu akakataa. Nakala mbili, alisema, zitapingana, na nesi hatajua aamini ipi. Si hoja ya kipuuzi. Ina majibu yake, na mwenzangu alianza kuyatoa moja moja, kwa upole, kama alivyokuwa. Lakini yule bwana alikuwa ameshaangalia saa yake.

Waliichomoa siku hiyohiyo, wakachukua na diski yenye rekodi, mashine tupu wakatuachia sisi. Kadi za karatasi wakazipakia katika maboksi zikapelekwa Nairobi, ziingizwe kwenye kompyuta kubwa. Nesi mkuu aliuliza zitarudi lini. Akaambiwa, zikimalizika.

Ukaja mwaka ule wa mvua za El Niño. Aliyekuwa Ruiru wakati ule hahitaji kusimuliwa. Barabara ziligeuka mito, nguzo za simu zililala mashambani, na watu walizoea kuongea juu ya Nairobi kama nchi ya mbali.

Mdogo wangu, tuliyefuatana naye ziwa moja, alikuwa ameolewa Gatongora. Mumewe alikuwa fundi wa mitambo, mara nyingi yuko kazini mbali. Mdogo wangu alikuwa mjamzito, mimba yake ya kwanza, tumbo limeshajitokeza hata anashindwa kufunga viatu. Zamani, akiwa shule ya bweni, aliwahi kuchomwa sindano ya penisilini akavimba koo, akakaribia kutuacha. Kwa hiyo, kabla haijachomolewa, habari zake niliziingiza mwenyewe kwenye ile mashine, kwa mkono wangu, na juu ya ukurasa wake ile dawa iliandikwa kwa herufi kubwa.

Aliugua homa ya mapafu. Jirani alimkuta amelala sakafuni, akizungumza na watu wasiokuwapo. Akamwita mwenye mkokoteni, wakamfunika nailoni, wakampeleka zahanati. Nesi mkuu hakuwapo. Alikuwa amekwama upande wa pili wa mafuriko. Zamu ilishikwa na nesi mgeni, msichana aliyetumwa hapo karibuni. Msichana yule alifanya kila alichofundishwa. Alimuuliza mgonjwa, mgonjwa akamjibu upuuzi wa homa. Alimuuliza jirani, jirani hakujua. Akakaa mbele ya kibodi, akaandika jina la mdogo wangu, akauliza Nairobi.

Kioo kilibaki kitupu.

Aliuliza tena. Akainua simu asikie kama kuna mlio. Hakuna. Akaangalia kabati la kadi. Tupu. Mgonjwa alikuwa anapumua kwa taabu na midomo imebadilika rangi. Akachukua dawa iliyokuwapo, dawa inayotolewa kila siku kwa ugonjwa ule, akamchoma.

Walimwokoa mdogo wangu. Yule msichana aliona uso unavimba, akajua, akampa dawa ya kuuzuia uvimbe ule, akabaki naye akimfinya mkono mpaka pumzi ikarudi. Mtoto hakuokoka.

Habari zilinifikia Thika kesho yake, zikiletwa kwa mdomo, kwa sababu simu haikuwapo. Nilifika Gatongora nimelowa mpaka ndani ya viatu. Mdogo wangu alikuwa ameamka. Macho yake yalikuwa madogo kwa uvimbe, na mikono yake ilikuwa juu ya tumbo, kama vile bado kuna kitu cha kushika.

"Si uliniandika kwenye ile mashine?" aliniuliza.

"Nilikuandika."

"Sasa kwa nini hawakuona?"

Nilimweleza. Simu, mvua, Nairobi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia maneno yangu yanavyonuka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo jina langu lilikuwa Nairobi," alisema, "na mimi nilikuwa hapa."

Kisha akageuka ukutani. Mama aliingia jioni ile, sketi imejaa matope, akapiga magoti kando ya kitanda akaomba. Alipoinuka alisema, "Ni mapenzi ya Mungu, watoto wangu. Tusimuulize."

Sikuwahi kumpandishia mama sauti, lakini siku hiyo nilimpandishia. "Maitu, mama yangu, Mungu hakuchomoa kompyuta! Mtu aliichomoa. Ana jina, ana suti, na ana ofisi yenye ua la plastiki mezani. Usimpe Mungu kazi ya mtu!"

Mama alimvutia mdogo wangu blanketi. Kwenye pembe ya chumba, yule nesi mgeni alikuwa akilia kimya kimya, na sikumwendea. Ningependa kuandika kwamba nilimwendea. Nilikuwa na hasira naye pia, na jirani, na shemeji yangu aliyekuwa mbali, na mvua. Hasira haichagui mpaka ichoke.

Simu ziliporudi nilipiga ofisi ya mtaalamu. Nilimpata baada ya kuzungushwa na karani wake mpaka nikazijua namna zote za sauti yake. Alinisikiliza vizuri. Alisema tukio lile linasikitisha sana. Alisema litawekwa kwenye tathmini. Nilimwomba jambo moja, aturuhusu kuirudisha mashine yetu. Alisema hilo ni swali la sera, na sera haibadilishwi kwa simu. Nikamwambia ni kweli, hapa kwetu hakuna kinachobadilishwa kwa simu. Hakucheka.

Mdogo wangu alirudi Ngoingwa kwa mama. Alikuwa akikaa uani na kushona. Alishona kipande cha kitambaa ndani ya ukosi wa kila nguo yake, na juu ya kitambaa alidarizi jina la ile dawa na msalaba. Nilimwona akifanya hivyo nikatoka nje nikapiga teke ndoo ya maji.

Baada ya miezi kadhaa mwenzangu alikuja na mwaliko. Kwenye ukumbi mmoja karibu na chuo kikuu, upande wa Kahawa Wendani, kungekuwa na mkutano wa wafanyabiashara na wanafunzi kuhusu fursa za biashara za karne ijayo. Mada kuu ilikuwa biashara ya kuhifadhi data na kuendesha kompyuta kwa ajili ya watu watakaohamia mwezini na kwenye sayari ya Mirihi. Nilicheka, na kwa muda mrefu sikuwa nimecheka.

"Watu wa mwezini wanatafutiwa kompyuta?"

"Twende," alisema. "Utoke humu. Tukacheke pamoja, tunywe chai yao."

Tulikaa safu za nyuma. Mwenyekiti akamkaribisha msemaji, na msemaji akapanda jukwaani akiwa na suti inayomkaa vizuri. Mwenzangu alinishika mkono wa nguo mara moja. Nilimwambia aniache.

Sitamdhulumu. Aliongea vizuri. Alikuwa na projekta, akatuonyesha picha za mwezi wenye mashimo na za ile sayari nyekundu, wanafunzi wakatulia kama wako kanisani. Alisema siku moja binadamu watajenga makao huko, na watakuwa na hospitali, mashamba, shule. Alisema ujumbe kutoka Mirihi kuja duniani unaweza kuchukua dakika nyingi, hata ishirini, na jibu linachukua nyingine kama hizo kurudi. Na wakati mwingine jua linakaa katikati na mawasiliano yanakatika kabisa.

"Fikirini," alisema, akishuka jukwaani kuwa karibu nasi, "daktari yuko Mirihi, ana mgonjwa mahututi mbele yake. Atauliza dunia, angoje? Mgonjwa atakufa. Ndiyo maana nawaambia, fursa iko hapa. Watu hao lazima wawe na kumbukumbu zao palepale walipo. Kompyuta zao palepale. Zifanye kazi zenyewe, bila kuuliza mtu. Kuwanyima hilo ni kuwaua. Na nani atawauzia? Kwa nini asiwe Mwafrika?"

Watu walipiga makofi. Mwenyekiti hakuwa amemaliza kuuliza kama kuna maswali, nami nilishasimama.

"Mimi natoka Thika," nilisema. "Huyo daktari wa Mirihi mgonjwa wake ni nani?"

Alinitambua. Niliona amenitambua. "Ni mfano tu, madam."

"Mimi nina mgonjwa ambaye si mfano. Alikuwa Gatongora, hapo tu, ng'ambo ya barabara. Nesi aliuliza Nairobi akangoja. Tulikuwa na kompyuta yetu palepale, inafanya kazi yenyewe, bila kuuliza mtu. Wewe uliichomoa. Mtoto wa mdogo wangu amekufa. Sasa nieleze mimi na hawa watu, kwa nini mtu wa Mirihi, ambaye hajazaliwa, awekewe kumbukumbu zake mlangoni, na mtu wa Ruiru azifuate Nairobi kwa miguu?"

Mwanafunzi mmoja alicheka kwa woga, akakatwa jicho. Mwenyekiti alianza kusema kwamba muda wa chai umefika, lakini mzee mmoja mfanyabiashara wa safu ya mbele aligonga sakafu kwa mkongojo. "Chai haitaharibika. Mjibu huyo mama."

Mtaalamu alivua miwani. "Pole sana kwa msiba," alisema. "Lakini hayo ni mambo mawili tofauti. Kule umbali ni sheria ya maumbile, hakuna wa kuibadilisha. Hapa ni suala la miundombinu. Laini zitaboreshwa. Huwezi kujenga nchi juu ya ubovu wa simu."

"Wakati wa kuboreshwa," nilisema, "wagonjwa wasiugue?"

Akavaa miwani yake tena. Nikaketi.

Tukiwa nje, alitufuata. Nilidhani anakuja kuomba radhi, na nilijiandaa kumkatalia. Badala yake alimpa mwenzangu kadi ya biashara. "Ile programu yenu na ule mpango wa betri," alisema, "andikeni pendekezo. Kuna watu ng'ambo wanatafuta vitu kama hivyo. Mawazo yenu yanauzika." Akaondoka kwa haraka kama mtu aliyeacha gari katikati ya barabara.

Mwenzangu aliiweka kadi mfukoni. Tuligombana palepale, kando ya vibanda vya wanafunzi, mbele ya wauza mahindi.

"Utakwenda kwa mtu huyo?"

"Alichosema ni kweli," alijibu. "Alikosea kwetu, lakini ni kweli. Anayejua kutengeneza kitu cha kufanya kazi peke yake anaweza kukiuza popote. Sisi tunajua. Hasira yako ni haki, lakini haijengi."

"Nani alikuambia nataka kujenga? Nataka mashine irudi Gatongora."

"Na ikisharudi?"

"Ikisharudi ndipo uniulize."

Aliirudisha pamoja nami, na kwa hilo namshukuru. Tulienda kwa nesi mkuu bila ruhusa ya mtu. Aliposikia, aliondoa kile kioo cha mfadhili mezani kwa mikono yake, akakiweka chini. "Wekeni hapa," alisema. "Wakinifukuza, nitauza mboga. Hapa hachomwi mtu mwingine sindano ya kubahatisha." Hawakumfukuza. Waliandika barua za ukali, kisha wakanyamaza, kisha fedha za mradi zikaisha na hapakuwa tena na wa kuandika.

Mwenzangu alikwenda kwenye ofisi ya yule mtaalamu. Aliniaga vizuri, mama yake akalia, nami nilimpa mkono bila kumtazama. Miaka iliyofuata alipata kazi ng'ambo, kwenye kampuni inayotengeneza kompyuta za vyombo vya angani, vitu vinavyojiamulia vyenyewe huko juu. Kila mtu Thika alijivunia. Mimi pia nilijivunia, na niliona uchungu, kwa kuwa alichokijua alijifunzia kwetu, kwa betri ya lori, na huku kwetu hakuna aliyetaka kukinunua.

Mashine ilirudi, lakini rekodi hazikurudi. Nilikwenda Nairobi mara kadhaa kuziomba. Mara ya mwisho nilikuta ofisi ya mradi imekodishwa na wauza samani. Mlinzi alisema maboksi ya karatasi yaliondolewa na lori, hajui kwenda wapi. Kompyuta kubwa, alisikia, iliuzwa. Nilisimama kwenye kile chumba kilichojaa viti vipya vyenye plastiki, nikafikiria watu wa Gatongora walivyopigwa mnada pamoja na mashine. Surua ya huyu, kifafa cha yule, damu ya wote. Nilitukana kwa sauti. Mwuza samani akadhani nalalamikia bei.

Basi tulianza upya. Nesi mkuu alitangaza kanisani na msikitini, sokoni na kwenye maduka, kila mtu aje aseme habari zake. Walikuja. Kina mama walikaa kwenye mabenchi ya nje wakikumbushana nani alizaa lini na nani alilazwa kwa nini, na mimi niliandika mpaka vidole vikaniuma. Wengine walinikaripia. "Si tulishasema haya yote? Mliyapeleka wapi?" Niliwajibu ukweli, kwamba yalichukuliwa na hayakurudishwa. Nilitaka wakasirike, nao wakakasirika.

Siku moja mdogo wangu alikuja kutoka Ngoingwa, akapanga foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika alivuta kiti akaketi mbele yangu. Nilimuuliza jina, ingawa nalijua. Akanijibu jina lake lote. Nilimuuliza dawa zinazomdhuru. Akanijibu. Nikafika kwenye swali linalofuata, lile la mimba za awali na watoto walio hai, na nikaondoa mikono kwenye kibodi.

"Niliruke hilo?" nilimuuliza.

"Usiruke," alisema. "Andika mimba moja. Andika mtoto alikuwa msichana. Andika na sababu."

"Hapa hapana nafasi ya sababu."

"Basi iongeze."

Nikafungua programu, watu wakisubiri nyuma yake, nikaiongeza.